Uliza Kwanza Kama Walitoka Pamoja

Kama ulitaka kumjua Mwalimu wetu wa fizikia, ilikubidi uchelewe shule. Kwa walimu wengine mchelewaji alipalilia bustani au alijaza mapipa ya maji. Kwake alisimamishwa mbele ya darasa na kuulizwa swali moja tu: "Ulitoka saa ngapi?" Hakuuliza umefika saa ngapi, kwa sababu hilo tulikuwa tunaliona sote. Mwenzetu mmoja aliyetembea kwa miguu kutoka Simbo alijibu siku moja kwamba ametoka kabla ya jogoo, akakuta daraja la miti limechukuliwa na maji, akazunguka. Mwalimu alimpa kiti chake mwenyewe akalie. Kisha akamgeukia jirani yangu wa dawati, ambaye kwao ungerusha jiwe kutoka shuleni likatua uani, naye alikuwa amewahi namba ya asubuhi. "Huyu wa Simbo amekuja mbio," akasema. "Wewe umekuja unajikokota. Mlango hauwezi kutuambia hayo." Jirani yangu alinuna mpaka saa ya chakula.

Naandika habari zake kwa sababu siku hizi kisa cha shikamoo yake kinasimuliwa ovyo. Nimekisikia Kibirizi kimeongezwa chumvi, nimekisikia Kalinzi kwa wauza kahawa kimepunguzwa utamu, na juzi bodaboda mmoja alinisimulia mimi, niliyekuwepo, akanikosoa nilipotaka kumsahihisha. Basi nitakieleza, lakini kisa hicho bila Mwalimu mwenyewe hakina maana, kwa hiyo nivumilie nianze na yeye.

Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti nene, sauti ambayo ukiisikia kabla ya kumwona ungetegemea baba mwenye kitambi. Chaki aliichomeka kwenye kilemba, kisha akaitafuta kipindi kizima. Alikaa Ujiji, karibu na ufuko, katika nyumba ya ukoo ambao wazee wake walivuka ziwa zamani, na katika maisha yake yote hakuwahi kupanda boti. Tulimuuliza kwa nini. "Kwa sababu naijua fizikia ya kuelea," alisema. "Nyie mnapanda kwa kuwa hamjafika hiyo mada." Mgebuka, samaki wa ziwa letu, alimla kwa heshima zote, akiwa na mawese na ugali wa muhogo, lakini kumfuata alikotoka alikataa katakata.

Alitufundisha kwamba kushindwa ni neema. Aliandika ubaoni: anayekosolewa na dunia amesemeshwa na dunia. Tuliyanakili maneno hayo kwa mwandiko mzuri. Halafu jioni ukipita kwake ungemkuta anacheza karata na majirani, na jamani, mwanamke yule aliiba. Alificha karata chini ya sahani ya dagaa, alihesabu upya pointi za wenzake, na mara moja, alipobanwa kabisa, alimwita mbuzi ndani makusudi ili mchezo uvurugike. Kushindwa kwa wengine kulikuwa neema. Kwake kulikuwa msiba, na sisi wanafunzi wake tulijua hivyo na tulimpenda hivyo hivyo.

Sasa nije kwenye jambo lililomwasha kuliko yote. Mbali huko juu, mbali kiasi kwamba mwanga uliotoka huko ulianza safari kabla ziwa letu halijawa ziwa, nyota kubwa hufa kwa kishindo. Ikilipuka hutema mionzi ya gama, ambayo ni mwanga, ila ni mwanga wenye nguvu nyingi mno kwa macho yetu. Ndani ya mlipuko mmoja humo humo kuna mwanga wenye nguvu kiasi na mwanga wenye nguvu ya kutisha. Yote inaanza safari moja kuja huku. Swali la Mwalimu lilikuwa jepesi kama maji: je, inafika pamoja?

Vitabu vinasema mwanga wote una mwendo mmoja, basi. Lakini wapo wanafizikia wanaoshuku kwamba anga lenyewe, ukilitazama kwa karibu kuliko chombo chochote kinavyoweza, si laini. Lina mabondebonde. Hapo Mwalimu alituburuta dirishani. "Tazameni ziwa," alisema. "Viwimbi hivi vya asubuhi, boti kubwa la kwenda Kalemie linavijua? Halivijui. Linapita tu. Lakini kamtumbwi kadogo kanakihisi kila kimoja. Mwanga wenye nguvu nyingi una mawimbi mafupi sana, kwa hiyo ndio huo mtumbwi mdogo. Kama njia ina viwimbi, wenyewe ndio utakaocheleweshwa. Kidogo sana, kidogo usichoweza kukiota. Lakini safari ni ndefu mno, na kidogo juu ya kidogo hujaza kibaba."

Yeye alitaka uchelewe. Hakuficha. Nilimuuliza kwa nini anataka hivyo wakati mwanasayansi hapaswi kutaka. Akaniambia, "Ukichelewa, maana yake vitabu havijaisha. Maana yake mtu aliyezaliwa Ujiji hajachelewa." Nilikuwa na miaka ya kuvunja sauti, na maneno yale yaliniingia mwilini kama homa. Mpaka leo nikiwasha mashine ya eksirei hospitalini, maana hiyo ndiyo kazi niliyoishia kuifanya, hukumbuka kwamba nacheza na ndugu mdogo wa ule mwanga wake.

Mpinzani wake alikuwa fundi wa boti, jirani yake wa upande wa ziwani. Huyu naye wazee wake walitoka ng'ambo, ila yeye Mkristo, mwimbaji wa kwaya, mwenye mikono iliyonuka lami kwa kupiga kalafati, kuziba nyufa za mbao. Walikuwa watani wa kufa na kuzikana. Fundi alikuwa mdogo kwa Mwalimu, si kwa miaka mingi, lakini mdogo ni mdogo, kwa hiyo kila asubuhi alipopita mlangoni kwake kwenda kazini ilimbidi aseme shikamoo. Mwalimu aliipokea kama mtu anayekabidhiwa zawadi. Aliacha alichokuwa anafanya, akanyoosha mgongo, akangoja kidogo, kisha akaivuta: "Ma-ra-ha-ba, Fundi." Fundi alikwenda zake akisaga meno.

"Mwangaza ni mwangaza," Fundi alisema aliposikia habari ya nyota. "Mungu alisema iwe nuru. Hakusema iwe nuru ya mwendo mbili. Miye niko nakwambia, Mwalimu, zote zitafika pamoja, unajisumbua bilashi."

"Mungu aliumba samaki wote siku moja," Mwalimu akajibu, "na bado dagaa na sangara hawaogelei sawa."

Mabishano yale yalizaa dau, mbele ya mafundi wote na wanawake waliokuwa wakianika dagaa. Wataalamu wakipima na kukuta mwanga wenye nguvu unachelewa namna ile aliyoifundisha, Fundi ataandika MWALIMU ALIJUA kwa rangi nyekundu ubavuni mwa kila boti atakayounda maisha yake yote. Wakikuta hauchelewi, Mwalimu atampa Fundi shikamoo kila asubuhi mpaka mmoja wao afe. Wanawake wa dagaa waliguna. Mwalimu mtu mzima, aliyefundisha nusu ya mji, ampe shikamoo mdogo wake, tena mtani wake, tena hadharani. Mwalimu alipeana mkono na Fundi bila kupepesa, kwa uhakika wa mtu mwenye karata chini ya sahani.

Ndipo ikaja siku ya boti. Nataka niieleze vizuri, kwa sababu bila hiyo hutaelewa mwisho.

Mwalimu aliamua tuione fizikia kwa macho. Alimtaka Fundi atoe boti kubwa moja na mtumbwi mdogo mmoja, avifunge mashine za aina moja, avirekebishe mpaka siku ya maji matulivu viende sawa. Fundi alifanya, na alifanya kwa uaminifu, maana ufundi wake hakuutania. Kisha tukangoja siku ya viwimbi. Vyombo vianzie Bangwe, vimalizie ufukoni kwetu Ujiji, sisi tukiwa tumejipanga mchangani kuona nani anatangulia. Tatizo likawa jinsi ya kuvianzisha pamoja wakati Mwalimu yuko huku. Saa za mkononi hakuziamini, kila moja ilikuwa na msimamo wake. Akawaagiza manahodha wote wawili: adhana ya adhuhuri ikianza, kata kamba.

Tulisimama juani. Boti kubwa likatokea, likaja, likapanda mchanga. Mtumbwi haupo. Tukangoja. Mtumbwi ukatokea mdogo kule mbali ukirukaruka, ukafika ukiwa umechelewa wazi wazi, bila ubishi wowote. Darasa zima lililipuka. Wasichana walipiga vigelegele, mimi nilirusha shati juu likaangukia majini, na Mwalimu, mwanamke wa makamo na kilemba chake, alicheza mchangani akizunguka na mikono kiunoni. "Fundi," aliita, "lete rangi nyekundu." Na Fundi, uso umemshuka, kweli alikwenda kuitafuta.

Alikuwa bado hajarudi manahodha walipoanza kugombana. Yule wa mtumbwi alimshika mwenzake kola. "Wewe mwizi," alimwambia, "umeondoka kabla ya adhana, nimekuona kwa macho yangu."

"Adhana ilikuwa imeanza," wa boti kubwa akasema. "Wewe huna masikio?"

"Imeanza wapi? Msikiti wetu ulikuwa haujaadhini."

"Wa kwetu uliadhini."

Kumbe kila mmoja alifuata muadhini wa msikiti wake, na misikiti ya mji wetu, Mungu aizidishie baraka, haijawahi kuanza kwa pumzi moja. Wa mtumbwi alimwona mwenzake anaondoka, akamhesabu mwizi, akabaki ufukoni na mashine inawaka akimsubiri muadhini wake kama mtu mwaminifu. Muda aliosubiri ndio aliochelewa. Viwimbi havikuwa na habari.

Mwalimu alikaa mchangani puu. Tulidhani analia. Alikuwa anacheka, anacheka mpaka miwani ikaanguka na chaki ikatoka kwenye kilemba. Fundi alirudi na kopo la rangi, akaelezwa, naye akakaa chini, wakacheka wote wawili wakipigana mabega. Alipopata pumzi Mwalimu alitukusanya. "Hili ndilo tatizo lenyewe la kule juu," alisema. "Mwanga ukichelewa, nitajuaje kama ni njia au ni muadhini? Labda nyota yenyewe iliutoa mmoja kwanza na mwingine baadaye. Usimlaumu aliyechelewa wala usimsifu aliyewahi. Uliza kwanza kama walitoka pamoja."

Mwenzetu wa Simbo akanyoosha mkono. Akasema, kama ni muadhini, basi hata mbio zikianzia karibu, mtumbwi utachelewa vile vile. Ila kama ni viwimbi, ukianzia mbali zaidi utachelewa zaidi. Mwalimu akafuta macho, akamwambia arudie kwa sauti. Ndivyo wataalamu wanavyofanya, akatuambia. Wanachukua nyota nyingi, za karibu na za mbali, wanatazama kama kuchelewa kunakua pamoja na njia. Siku ile alimpa yule wa Simbo mgebuka mzima wa kwenda naye nyumbani.

Toka hapo swali lile likawa lake la kila jambo. Mume wa jirani amechelewa kurudi, Mwalimu anauliza alitoka saa ngapi. Ndugu wawili, mmoja tajiri mmoja hana kitu, watu wanamcheka asiye na kitu, Mwalimu anauliza kama walitoka pamoja. Mama mmoja aliyetoka Burundi na watoto wake, akaanza kulima upya akiwa mtu mzima, alisemwa na majirani kwamba hana maendeleo. Mwalimu alimsimamia katikati ya mkutano wa mtaa kwa swali hilo hilo, na waliokuwa wakimsema wakatazama viatu vyao. Kwenye karata tu ndipo aliposahau kuuliza.

Miaka ikapita. Alistaafu, macho yake yakaanza kufifia, maandishi madogo yakamshinda hata kwa miwani. Mimi nilikuwa Tabora kazini, na kila nilipompigia simu hakuniuliza mshahara wala mtoto. Aliniuliza, kwa jina alilonipachika la kazi yangu, "Eksirei, umefika?" Alimaanisha mwanga wake. Nami nikawa nafuatilia kwa niaba yake, nikisoma taarifa za darubini zinazozunguka angani na zile zilizojengwa juu ya milima, nikielewa nusu na kuulizia nusu nyingine.

Mwisho kukawa na mlipuko uliong'aa kuliko mingine yote iliyowahi kupimwa, na matokeo yake yakatoka. Niliyasoma, nikayarudia, nikamuuliza rafiki anayefundisha chuoni, akaniambia nimesoma sawasawa. Nikapanda treni kwenda Kigoma. Habari kama ile haisemwi kwa simu.

Njia nzima nilikuwa na wasiwasi, na niseme kweli, nilifikiria kumficha. Hawezi kusoma, mimi ndiye macho yake. Ningeweza kusema wataalamu bado wanabishana, akafa na marahaba yake. Nilimfikiria mlangoni asubuhi, kizee chenye sauti nene, akimwambia Fundi shikamoo mbele za watu, na moyo uliniuma kama mimi ndiye ninayeaibishwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Eksirei. Tabora umetoka saa ngapi?"

Nilimjibu. Nikasifu kahawa yake ya Kalinzi. Nikasifu ukuta. Nikauliza habari za mbuzi.

"Unazunguka kama mtu aliyebeba msiba," akasema. "Nani amekufa?"

"Ni nyota, Mwalimu."

Akaweka kikombe chini taratibu. "Na ule mwanga wenye nguvu?"

"Umefika."

"Umechelewa?"

Nilishindwa kumdanganya. Hata mdomo haukujaribu. "Hawajaona kuchelewa," nikasema. "Kule kuchelewa ulikotufundisha, kwa ile namna rahisi, wamepima mpaka wamefunga mlango. Kama kupo, ni kudogo kuliko ulivyotegemea, au ni kwa namna nyingine kabisa."

"Na walitoka pamoja?"

"Muadhini wa nyota hawamjui vizuri, lakini wamelinganisha milipuko ya karibu na ya mbali. Kuchelewa hakukui na njia." Nikaona midomo yake inacheza, nikaongeza haraka, "Ila Mwalimu, zile namna nyingine hazijafungwa, tunaweza kusema dau bado..."

Akainua mkono. "Namna nyingine ni dau jingine."

Halafu akaanza kucheka. Kicheko kile kile cha mchangani, kikianzia tumboni. "Yaani wametembea muda wote huo," akasema, "wakali kwa wapole, tangu dunia haina samaki, na hawakuachana njiani? Niambie tena." Nikamwambia tena. Akapiga makofi. "Njia gani hiyo laini namna hiyo. Nimeuliza swali maisha yangu yote, mtoto, na nimejibiwa. Unajua ni wangapi wanakufa hawajajibiwa? Niletee viatu."

Nilimshika mkono tukashuka ufukoni. Fundi alikuwa ameinama juu ya ubao, mvi kichwani, vijana wake wakipiga misumari. Alipotuona alinyooka na kufungua mdomo kwa mazoea. Mwalimu akamwahi.

"Shikamoo, Fundi."

Nyundo zilinyamaza moja baada ya nyingine. Mama mmoja wa dagaa alishika kinywa. Fundi alinitazama mimi, nikaitikia kwa kichwa kumwambia ndiyo, na nilidhani nitaona furaha. Niliona hofu. "Mwalimu," akasema polepole, "uko na hakika walitoka pamoja?"

Alikuwa anampa mlango wa kutokea, kwa maneno ya Mwalimu mwenyewe. Mwalimu akatabasamu. "Tumesikiliza misikiti mingi, Fundi, ya karibu na ya mbali. Njia haina kosa. Umeshinda. Nimesema shikamoo."

"Ile ilikuwa mambo ya utani tu."

"Shikamoo haikai hewani. Itikia."

Fundi alivua kofia, akaikunja mikononi. "Marahaba," akasema, kwa sauti ndogo kama ya mtoto anayetaja jina lake siku ya kwanza shuleni. Mwalimu akamkumbatia, lami na kila kitu, na yule mama wa dagaa akapiga kigelegele ambacho hakuna aliyemwomba. Mimi nilikuwa nalia na kucheka, sijui kipi kilitangulia.

Wanaosimulia huishia hapo. Lakini kesho yake alfajiri nilikuwa mlangoni kwa Mwalimu nikingoja bodaboda ya kunipeleka stesheni, na nikamkuta amekwisha vaa kitenge chake kizuri, amesimama wima kizingitini, anasubiri kulipa deni la siku. Fundi akatokea pembeni ya nyumba, mapema kuliko alivyowahi kwenda kazini maishani mwake, akitembea kwa kunyata.

"Shikamoo," wakasema wote wawili.

Wakageuka kunitazama mimi, shahidi. Nani ameanza? Nikawaambia ukweli, kwamba zimefika pamoja, sikio langu halikupata tofauti yoyote.

"Fundi," Mwalimu akasema, "leo umetoka saa ngapi?"

"Kabla ya adhana."

"Ya msikiti gani?"

Fundi akaegemea ukuta kwa kucheka, na Mwalimu akamshika bega asianguke, au labda asianguke yeye. Bodaboda yangu ikafika, nikapakia begi, nikawaaga. Hadi tunakata kona walikuwa bado wamesimama pale wakitazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake aitikie.